Kaza Kidogo Tu

Baba mkwe wangu ni Mmarekani wa Pennsylvania, mzee mstaafu mwenye imani mbili: kwamba kahawa ya jana bado ni kahawa, na kwamba kitu kinachokazika kwa mkono hakihitaji spana. Ya kwanza nimeshaizoea. Ya pili ndiyo iliyotugharimu pai ya boga.

Mzee hujaza risasi zake mwenyewe. Kwa msioijua shughuli hii: risasi ikishafyatuliwa, ganda lake la shaba nyeupe hubaki zima, na mwindaji wa huku halitupi. Hulirudisha nyumbani, akalibana kwenye dai, yaani kalibu ya chuma, ili lirudie umbo lake, akabadilisha fataki kitakoni, akapima baruti, kisha dai ya pili ikasukumia kichwa kipya cha risasi mdomoni mwa ganda. Ukijitengenezea mwenyewe bila kuuza, huulizwi leseni ya utengenezaji. Kwetu Tanga ukikutwa na mizani ya baruti chini ya kitanda, utashinda kituoni ukitoa maelezo mpaka ndugu waje na chakula. Huku mizani ipo chini ya nyumba, pembeni ya mashine ya kufulia, karibu na kapu la soksi, na mama mkwe huipangusa vumbi.

Dai yenyewe ni bomba nene la chuma lenye meno ya skrubu kwa nje, upana inchi 7/8, meno 14 kwa kila inchi, kipimo ambacho dai nyingi sana za presi hizi za nyumbani hukifuata. Unaizungushia kwa juu kwenye presi, yaani ile mashine ya mkono inayogandamiza. Ukishapata kina unachokitaka, unateremsha ringi mpaka igote presi, unaifunga. Kazi ya ringi ni kukumbuka. Kesho ukiichomoa dai na kuirudisha, ringi ikigota, uko palepale ulipokuwa jana.

Sasa ringi ipi? Hapo ndipo mzee na jirani yake walipokuwa wakigombana tangu mimi sijaoa, na nadhani tangu mke wangu hajazaliwa.

Jirani ni mtu wa ringi za mpasuo: zimekatwa upande mmoja, na skrubu inapita katikati ya mpasuo huo, ukiikaza ringi nzima inaikumbatia dai pande zote bila kuumiza jino hata moja. Hazisogei. Bei yake inauma kidogo. Zipo pia zenye kiskrubu cha ubavuni kinachosukuma moja kwa moja kwenye meno. Hizo ukitaka zisiharibu dai, chini ya kiskrubu kuna kipunje cha madini laini ya risasi ambacho hubonyea na kujaza meno badala ya kuyatafuna. Mzee yeye ni wa aina ya tatu. Ringi isiyo na skrubu kabisa, ndani ina oringi ya mpira, na mpira ndio unaoshikilia. Ni rahisi, inazungushwa kwa vidole, na mradi mpira ni mzima inafanya kazi yake vizuri tu. Mpira wa mzee ulikuwa umekauka, ukapasukapasuka, ukabaki jina.

“Kijana, wewe unatengeneza mafriji, unajua vyuma,” mzee akaniambia siku moja mbele ya jirani. “Mwambie huyu.”

Sijui kama mmewahi kuombwa ushahidi na baba mkwe. Mtu aliyekupa binti yake hakosolewi hadharani. Lakini ringi ilikuwa inacheza mbele ya macho yangu. Nikasema, kwa heshima zote, Mzee, ya mpasuo ina mshiko zaidi, na hizo oringi angalau tubadilishe, ni senti tu. Jirani akapiga meza. Mzee akaniangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani, akauliza, “Lile gari lako ulilinunua bei gani?” Mjadala ukaishia hapo.

Basi ikafika Novemba. Huku msimu wa kuwinda paa kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Zamani ilikuwa Jumatatu, wakabadilisha mwaka 2019, na wazee bado wamenuna. Mzee ana bunduki ya .30-06, risasi iliyoingia jeshini Marekani mwaka 1906, na kwake hakuna iliyozaliwa baadaye inayostahili heshima. Usiku wa kuamkia Shukrani tukashuka chini kujaza za msimu. Juu mama mkwe anaoka. Friji imejaa hadi mlango haufungi, kwa hiyo pai ya boga ikaletwa kupoa huku chini, juu ya mashine ya kukaushia nguo.

Mimi napanga maganda, mzee anavuta mkono wa presi. Kazi ilikwenda vizuri sana kwa jinsi ilivyokuwa ikionekana. Kila baada ya risasi chache mzee anapanda juu kuchukua kahawa. Akirudi, kabla hajakaa, anaishika dai kwa kiganja na kuizungusha kulia. “Kaza kidogo tu,” anasema, kwa sauti ya daktari anayemtuliza mgonjwa.

Nikamwambia, Mzee, ringi haigeuki, dai tu ndiyo inageuka. Akanijibu kwamba alikuwa anafanya hivi mimi nikiwa nanyonya.

Haya tupige hesabu. Meno 14 kwa inchi maana yake mzunguko mmoja mzima unaishusha dai karibu milimita 1.8. Robo mzunguko, karibu nusu milimita. Na mzee ni mnywaji wa kahawa.

Jirani ndiye aliyegundua. Alikuja kurudisha sufuria ya kuchomea bata mzinga, akashuka kusalimia, akazikuta risasi zimesimama mezani kwa mstari. Akainama mpaka jicho likalingana na meza. Zilipungua urefu kutoka kushoto kwenda kulia, kama watoto wa shule wamepangwa kwa ajili ya picha. Vernia, kile kipimio cha urefu, ikatolewa. Ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya inchi 3.340, ambao ndio urefu wa mwisho unaoruhusiwa kwa .30-06. Ya mwisho kichwa kilikuwa kimezama kiasi kwamba sikuona sababu ya kupima; na dai iliposhuka kupita kiasi ililigandamiza ganda lenyewe, mabega yakavimba na kukunjamana. Ile isingeingia hata kwenye bunduki. Za katikati ndizo za kutisha, kwa sababu zingeingia vizuri: kichwa kikizama sana, nafasi ya baruti ndani inapungua, na presha inapanda.

“Ringi imekumbuka nini hapo?” jirani akauliza.

Mzee hakujibu. Akachukua nyundo ya kung'olea vichwa. Hii ni nyundo ya plastiki yenye tumbo tupu. Unaingiza risasi kwa nyuma, unafunga kifuniko, unapiga sakafuni, kichwa na baruti vinachomoka kwa mshtuko na kubaki tumboni. Akaanza kupiga saruji. Pwa! Pwa! Juu sufuria zinaitikia.

“Mnafanya nini huko?” sauti ya mama mkwe.

“Bomba!” mzee akajibu. Nyumba nzima hakuna bomba lililokuwa na shida.

Mnaweza kubuni kifuniko kile kilifungwaje. Kwa vidole, na kidogo tu. Alipoinua nyundo kwa lile pigo la nguvu, kifuniko kikaachia hewani, na kila kilichokuwa tumboni kikaruka kupita bega lake, kupita kapu la soksi, kikatua kwenye pai.

Tukasogea wote watatu. Baruti ile ni vijiti vidogo vyeusi, vifupi, na juu ya boga la rangi ya chungwa ilipendeza, ukweli usemwe. Jirani akasema inafanana na kiungo fulani. Mzee akasema haifanani na kitu, leta kibano. Kwa hiyo mke wangu aliposhuka, alimkuta baba yake ameshika kibano cha kutolea kupe mbwa, jirani amemmulikia tochi, na mumewe ameishikilia pai kwa mikono miwili iwe imara.

Mke wangu Kiswahili alijifunza kwa mama yangu, kwa hiyo anachojua vizuri ni kugomba. “Baba Zuhura!” akasema. “Hii ni nini sasa?” Yaliyofuata siyaandiki, wanasoma na watoto.

Pai ikaenda jalalani, maana baruti hailiwi hata ikichambuliwa kwa kibano. Baruti iliyomwagika mama mkwe aliifagia na kuisambaza kwenye waridi zake, akieleza kwamba ina naitrojeni. Ni jambo wajazaji wengi wa huku hulifanya, ila wachache hulifanya huku wakitaja jina la mume kila wanapotupa konzi moja ya baruti. Jumamosi mzee akaenda msituni na risasi za dukani. Alizibeba kwenye boksi la zamani ili jirani asione. Jirani aliona.

Krismasi mama mkwe akamnunulia ringi mpya. Hakuuliza mtu, alichagua zilizong'aa, na zilizong'aa zilikuwa zile za kiskrubu cha ubavuni. Mzee akazifungua mbele yetu, akakilegeza kiskrubu cha ya kwanza aone kinavyofanya kazi, akaigeuza kichwa chini. Kipunje kikaanguka kiganjani mwake. Akakitazama.

“Wameacha takataka ndani,” akasema, akakipuliza.

Jirani alikuwa ameshapiga magoti kwenye zulia, tochi mkononi.