Chunusi sugu Lamu: ugomvi wa liwa na tyubu

Ukiuliza Lamu dawa ya chunusi zisizokoma, utapata majibu mawili yanayogombana. Watu wazima watakwambia sugua liwa, ule mti wa kunukia, kwenye jiwe, changanya na marashi ya mawaridi, paka usiku. Tyubu za dukani, watasema, zinaharibu uso. Vijana watakwambia liwa ni ya maharusi, nenda duka la dawa. Wote wana hoja, ila wanabishana juu ya vitu tofauti.

Liwa hupoza ngozi na kupunguza mafuta ya juu, basi. Chunusi huanzia ndani: homoni huchochea tezi zitoe mafuta mengi, seli zilizokufa huziba kitundu cha unyweleo, bakteria huzaana humo, ngozi ikavimba. Liwa haifiki huko. Tena mara nyingi hufuatiwa na mafuta ya nazi, ambayo kwenye uso wenye chunusi huziba vitundu hivyo hivyo. Vile vipele vidogo vinavyojipanga kwenye paji, pale ukingo wa mtandio unapokaa, aghalabu ni mafuta ya nywele yaliyoteremka na jasho, hasa wakati wa kaskazi. Na ndimu iachiwe samaki, jamani: maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha baka la miezi.

Dukani kuna dawa mbili za kuanzia. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10, na huwasha kidogo kuliko hiyo. Ipake asubuhi, iache ikauke kabisa kabla ya kuvaa, maana buibui jeusi likigusa shingo yenye jeli hutoka madoa ya rangi ya kutu yasiyofulika. Usiku ni adapalini ya asilimia 0.1: kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, si kwenye chunusi peke yake, juu ya ngozi iliyokauka. Wiki mbili za mwanzo, usiku mmoja paka, mmoja ruka. Ngozi itachubuka kidogo, chunusi pengine zitaongezeka, na hapo ndipo wengi hutupa tyubu. Nafuu huonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12. Mjamzito asiitumie adapalini.

Mbona basi wazee wanaogopa krimu? Kwa sababu wameona nyuso zilizoharibika kweli. Ngozi yetu hubaki na doa jeusi baada ya chunusi kupona, na kuminya huzidisha. Doa hilo ndilo linalowapeleka mabinti kwenye krimu za kung'arisha zilizotiwa betamethasoni au klobetasoli. Wiki ya kwanza uso unateleza. Baadaye ngozi hukonda, vipele vya ukubwa mmoja hujaa, na ukiacha ghafla hulipuka upya. Hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, si dawa ya chunusi, lakini lawama huangukia kila tyubu iliyoko dukani. Soma kisanduku kabla ya kulipa.

Vidonge vya doksisaiklini vina nafasi yake chunusi zikivimba sana, kwa miezi mitatu hivi, pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasizoee dawa. Meza kwa glasi nzima ya maji, si kwa chai ya maziwa, na usilale papo hapo. Wajawazito wasimeze, na anayeshinda baharini ajue kwamba ataungua na jua upesi.

Kumwona daktari wa ngozi ni gharama: boti hadi Mokowe, kisha basi la Malindi au Mombasa. Kwa vipele vya kawaida, wiki 12 za tyubu kwanza ni uamuzi wa busara. Lakini mwenye mavimbe ya ndani yanayoacha makovu asingoje, wala mwanamke ambaye hedhi zake zimevurugika na ndevu zinamwota, kwani huyo anahitaji kupimwa homoni. Kwa daktari, mwenye mavimbe huenda akatajiwa isotretinoini, vidonge vya chunusi kali. Ina nguvu kweli, ila hulemaza mimba, kwa hiyo mwanamke lazima azuie ujauzito tangu mwezi mmoja kabla ya kuanza hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza.