Lugha ya nyumbani haimo kwenye matokeo

Tulipomwandikisha binti yetu darasa la kwanza katika shule ya umma hapa Columbus, Ohio, karani alitupa fomu fupi yenye maswali ya lugha: mtoto alianza kusema kwa lugha gani, sisi wazazi tunazungumza naye kwa lugha ipi, na yeye mwenyewe hutumia ipi zaidi akiwa nyumbani. Niliandika Kiswahili kote. Siku chache baadaye alipimwa Kiingereza, akaingizwa katika orodha ya wanaojifunza lugha hiyo, kisha akapangiwa mwalimu wa ziada pamoja na watoto wengine watano, Wasomali na Wakongomani ambao wazazi wao walipitia kambi za Kigoma na za Uganda. Sikuomba msaada huo. Asili yake ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1974, katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wanafunzi wenye asili ya China huko San Francisco, uliosema kwamba mtoto asiyeelewa Kiingereza hajatendewa sawa na wenzake eti kwa kuwa amepewa vitabu vilevile na walimu walewale.

Mimi ni mtoto wa Maswa, Tanzania. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na Kisukuma kamili na Kiswahili cha kutumwa dukani, na hakuna aliyeniuliza lugha ya nyumbani.

Kila mwaka jimbo la Ohio hutoa taarifa ya kila shule ya umma, na tangu 2022 hupima kwa nyota, moja hadi tano, badala ya herufi A hadi F zilizotumika awali. Kilichonivutia si nyota. Ni kwamba ufaulu huchambuliwa kwa makundi: rangi, ulemavu, umaskini wa kaya, na wale wanaojifunza Kiingereza. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 2002 ndiyo iliyolazimisha uchambuzi huo nchi nzima, kwa sababu shule ziliweza kutumia wastani mzuri kuwaficha watoto wanaoanguka, na sheria iliyoifuata mwaka 2015 haikuuondoa. Ohio hutenganisha pia ufaulu na maendeleo, yaani mtoto amefika wapi na amesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita. Shule ya binti yangu ina nyota chache za ufaulu na nyingi za maendeleo, na kwangu mimi hiyo ni sifa ya walimu wanaopokea watoto waliochelewa kuanza safari.

Sisemi kwamba Wamarekani wamepatia. Katika safu ya rangi, binti yangu, jirani yetu ambaye mababu zake walilima pamba Alabama, na mtoto wa Kisomali aliyefika juzi wote ni "Weusi", na mwalimu hawezi kujifunza lolote la maana kutoka katika safu hiyo. Kipimo cha umaskini nacho kimepungua makali, kwa kuwa kilitegemea idadi ya watoto wanaokula chakula cha mchana bure, na sasa shule nyingi za maeneo maskini huwalisha wote. Baya zaidi ni matumizi ya takwimu hizo nje ya shule. Tovuti za kuuza nyumba huweka alama za shule karibu na bei, wenye uwezo wanahamia penye alama nzuri, na kwa kuwa fedha za shule hutegemea sana kodi ya majengo, penye nacho huongezewa. Mahakama ya Juu ya Ohio ilitamka mwaka 1997 kwamba mfumo huo unakiuka katiba ya jimbo, ikarudia hadi 2002, lakini kodi ya majengo ingali nguzo kubwa ya bajeti.

Nikirudi kwetu, matokeo ya darasa la saba yanapotoka, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona wastani wa shule yake ya zamani na madaraja ya A hadi E, wavulana na wasichana. Zaidi ya jinsia, hakuna kinachotueleza watoto hao ni akina nani. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, nami niliunga mkono, kwa sababu kuilinganisha shule ya bweni inayochagua wanafunzi wake na shule ya kijiji inayompokea kila anayefika hakukuwa na haki. Lakini orodha imeondoka na pengo limebaki palepale. Mtoto wa Simanjiro anayezungumza Kimaasai na mtoto wa Ilala aliyezaliwa katika Kiswahili wanasoma swali moja, na anayeshindwa kulielewa huhesabiwa kuwa hajui sayansi.

Najua hoja itakayotolewa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza Watanzania kabila lao, na waliolifuta swali hilo walikuwa na busara ambayo majirani zetu kadhaa wameitamani. Hata hivyo, lugha anayoijua mtoto wa miaka sita si kabila. Inaweza kuulizwa siku ya kuandikishwa na kutumiwa kupanga walimu na vitabu, bila kubandikwa kwenye tovuti. Hapa Ohio, kundi lenye watoto chini ya kumi takwimu zake hufichwa, na kwetu tungeweza kuwa wakali zaidi ya hapo.

Dada yangu anafundisha darasa la kwanza huko nyumbani, watoto 112 katika chumba kimoja. Muhula wa kwanza hueleza hesabu kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, na akisikia hatua za mgeni mlangoni hurudi kwenye Kiswahili, ambacho ndicho lugha rasmi ya kufundishia. Nilimpigia kumsimulia habari za fomu ile na mwalimu wa ziada. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza mwalimu huyo anakaa na watoto wangapi. Nilipomjibu kwamba ni sita, alicheka mpaka salio likaniishia.