Mgeni akiwaka usimwambie "calm down"

Jamani mie leo n'na neno na hichi kiingereza chetu cha pwani. Msimu ulopita niko risepsheni, hoteli moja huku Paje, kaja bi mkubwa mmoja wa Kiingereza begi lake limebakia uwanja wa ndege, kawaka kweli kweli, na mie kwa roho safi kabisa nikamwambia "calm down, madam", kichwani kwangu nasema tulia mama, tutalipata. Weee! Alivyonigeukia utasema nimemtukania wazee wake.

Baadae ndo nikafahamu, mtu keshapanda ukimwambia "calm down" anasikia unamwambia unapiga kelele bure. Na hata kwetu, nani atathubutu kumwambia bibi yake "hebu tulia"? Utarushiwa kopo.

"Chill" ndo kabisaa, hiyo ya vijana kwa vijana, asili yake baridi kama sie tunavosema poa, ila mapapasi, hawa vijana wanaowaandama watalii, wanawarushia mpaka wazee wa watu wenye mvi. Waingereza wana nyengine, "keep your hair on", yaani nywele zako zibaki kichwani, hii naipenda lakini nangoja mgeni asiye na kipara. "Take it easy" nayo ina mtego wake, Mmarekani kaniambia yuko mlangoni anaondoka, nikamjibu mbona sina hasira bwana, kumbe kwao ni kuagana tu.

Lakini dawa tunayo sie. Juzi ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe konda na abiria washakamatana mashati kwa chenji ya mia mbili, mzee mmoja kapakata kikapu chake cha dagaa, sauti hakupandisha hata kidogo, "mswalieni Mtume". Basi wote wawili midomo ikaanza kucheza, mmoja bado kashika kola ya mwenzake lakini anamswalia Mtume, na huwezi kumswalia Mtume na kutukana pamoja, mdomo ni mmoja. Mzee hakumwambia mtu kakosea wala kazidisha, kawapa kazi ya kufanya tu, na hiyo "calm down" haina.

Mgeni wa Kizungu siwezi kumwambia hivo, najua. Kwa hiyo siku hizi akiwaka namvutia kiti, namtilia juisi ya ukwaju, nasema "let me check for you", halafu napiga simu mbele yake, namwacha aseme mpaka amalize.

Begi la yule bi mkubwa lilikuja saa mbili usiku. Tipu alonipa ni mumewe.