Nilivyofufuka Kabla ya Kushtuliwa

Kwa kuwa rafiki yangu wa kitengo cha uhasibu ameshawasimulia nusu ya watu tunaofahamiana, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi nimezimia, nimepigwa shoti ya umeme na kurushwa hadi dirishani, nimeona ni haki yangu kueleza mwenyewe yaliyonikuta jana, wakati titi la kushoto bado linauma na aibu haijapoa. Sikuzimia. Hakuna umeme uliopita. Dirisha lilikuwa mbali. Mengine yote, kwa masikitiko makubwa, ni ya kweli.

Mnaonifuata mnajua kwamba nipo katika mpito wa kijinsia, kutoka mwanamume kuwa mwanamke, tangu mwaka jana, kwamba natumia estrojeni, homoni ya kike, pamoja na spironolaktoni ya kuzuia testosteroni, ile ya kiume, na kwamba kazini bado naitwa kaka kwa sababu nilipanga kuitangaza habari hii kwa utaratibu, kwa barua iliyoandikwa kwa ufasaha, baada ya kuzungumza na mkuu wangu faraghani. Barua ipo. Ina aya tatu na nimeisahihisha mpaka nukta zake nazijua. Matiti lakini hayakusubiri barua. Daktari alinieleza mapema kwamba kwa kawaida huanza kuchomoza kati ya mwezi wa 3 na wa 6 wa matibabu, kwamba huendelea kukua kwa miaka 2 au 3 na pengine zaidi, na kwamba yakishaota hayarudi yalikotoka hata mtu akiacha dawa. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Sikuuliza itakuwaje siku ya kushuka ngazi mbio mbele ya wafanyakazi wenzangu.

Kwa ambao hawajapitia haya, ukuaji huanza na kitu kigumu cha mviringo chini ya chuchu, kama kifungo cha koti kilichoshonewa ndani ya ngozi, na kitu hicho huuma kwa kiwango kisicholingana kabisa na udogo wake. Mkanda wa gari ni adui. Ukanda wa begi ni adui. Mtoto anayekuja mbio kukukumbatia, mwenye kichwa kilichofika usawa wa kifua chako, ni adui anayependeza. Isitoshe, mawili haya hayaendi pamoja: daktari wa Uingereza aliyeitwa James Tanner aligawa ukuaji wa matiti katika hatua 5, na kwa kipimo hicho la kwangu la kushoto limeshafika hatua ya 3 huku la kulia likiwa bado linajishauri katika hatua ya 2. Mtu akinitazama kwa makini ataona kwamba upande mmoja una habari ambazo upande wa pili haujapelekewa.

Ndiyo maana nilihakikisha hanitazami mtu kwa makini. Ulinzi wangu ulikuwa sidiria ya michezo inayobana kiasi, na juu yake shati pana lenye michoro midogomidogo, kwa kuwa kitambaa cheupe cha rangi moja hutangaza kila kitu, ilhali chenye michoro humchosha mtazamaji kabla hajaambulia lolote. Juu ya hayo kuna faili. Faili hilo halina karatasi yoyote ya maana. Kazi yake ni kukumbatiwa kifuani kuanzia mlangoni hadi mezani, na limenipatia sifa ya kuchapa kazi ambayo sistahili. (Wanaoniandikia kuuliza kuhusu bandeji na gundi ya karatasi, nawaomba mwachane nazo, kwa sababu hubana mbavu na kumnyima mtu pumzi. Hata zile fulana maalumu za kubana kifua, ambazo wanaume waliobadili jinsia wanazifahamu kuliko mimi, hushauriwa zisivaliwe kwa zaidi ya saa 8 wala wakati wa mazoezi, na kumbana nazo mtu ambaye titi lake ndiyo kwanza linachipua ni kumtafutia machozi.)

Jana, basi, tulikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu spironolaktoni huongeza mkojo na mimi siku hizi huchagua kiti kwa kuangalia umbali wake na choo. Nilitoka, nikarudi. Nikatoka tena, nikarudi. Mkufunzi, mama mmoja mchangamfu mwenye mikono yenye nguvu, alinivumilia mpaka nilipokuwa nainuka kwa mara nyingine, akaninyooshea kidole na kusema, "Kaka yetu mtokaji, njoo ulale hapa mbele uwe mgonjwa wetu. Ukishazimia, angalau hutakwenda popote."

Ukumbi mzima ulicheka isipokuwa rafiki yangu wa uhasibu, ambaye ndiye peke yake pale kazini aliyekuwa akiijua siri yangu. Yeye alifumba macho, kisha akaingiza ncha ya skafu yake mdomoni. Nilijaribu kujitetea kwa kumtaja mdoli aliyekuwa amelazwa kando, nikauliza kama hatoshi, nikajibiwa kwamba mdoli hana mikono ya kukunjwa. Alikuwa na kifua bapa, kama ilivyo midoli mingi ya mafunzo hayo, na mimi ninayekunywa vidonge kila asubuhi ili nisiwe hivyo nilimwonea wivu wa dhati.

Nikalala. Nikilala chali kifua hutulia, na kwa muda mfupi niliamini nimeokoka. Mkufunzi alipiga magoti ubavuni mwangu, akanitikisa mabega na kuita, "Kaka! Kaka, unanisikia?" Nilikuwa namsikia vizuri mno. Akaniinua kidevu ili kufungua njia ya hewa, kisha akaugeukia ukumbi na kutoa agizo ambalo nitaendelea kulisikia usingizini: "Sasa tunatazama kifua. Msitazame uso wala mikono. Kila mmoja akitazame kifua cha kaka, kwa muda usiozidi sekunde 10, aone kama kinapanda na kushuka. Tuhesabu pamoja."

Ndugu zangu, nimekesha nikipanga mashati ili asipatikane mtu wa kukitazama kifua hiki kwa sekunde 2, na sasa ukumbi mzima ulikuwa umeamriwa, ndani ya saa za kazi na kwa idhini ya mwajiri, ukikodolee macho na kuhesabu kwa sauti. Moja. Nilibana pumzi, kwa kuwa kifua kinapopanda hupanda na vilivyomo. Mbili, tatu. Waliokaa nyuma wakasimama ili waone vizuri. Nne. Mzee wa stoo akavaa miwani. Tano, sita, saba, nami nimebana vilevile, macho nimeyafumba, masikio yanavuma. Nane. Tisa. Walipofika kumi mkufunzi akapiga makofi kwa furaha.

"Hapumui!" alisema. "Kaka ameigiza vizuri sana. Angekuwa anapumua tungemlaza kiubavu na somo letu lingeishia hapo, lakini kwa kuwa hapumui, tunaendelea na kifua."

Mungu si Athumani, sehemu ya kusukuma aliifanyia kwa mdoli, kwa sababu mtu ambaye moyo wake unapiga hasukumwi kifua kwa majaribio. Nikiwa chini nilimsikia akieleza kwamba mikono hukaa katikati ya kidari, kwamba kifua cha mtu mzima hudidimizwa sentimita 5 hadi 6, na kwamba kasi yake ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila mdoli alipodidimizwa, mimi nilijikunja vidole vya miguu. Kisha akaiburuta hadi karibu yangu ile mashine ya kushtua moyo, ya mafunzo, isiyo na umeme bali yenye sauti ya mwanamke mtulivu inayotoa maelekezo, akakaa vizuri, na waya wa pedi ukaishia chini ya goti lake. Naomba mlikumbuke goti hilo.

Pedi ya kwanza aliibandika chini ya mtulinga wa kulia, akifafanua kwamba kwa mgonjwa halisi hukaa juu ya ngozi tupu lakini kwa leo tungeliheshimu shati la kaka. Hatua ya 2 haikuathirika. Pedi ya pili, alisema, huenda ubavuni kushoto, chini kidogo ya kwapa. Akaipachika mahali pake hasa, wala sina la kumlaumu. Akasema lazima ishike sawasawa, vinginevyo mashine haitausoma moyo, akaweka kiganja juu yake ili aikandamize.

Kiganja, hata hivyo, kina kidole gumba.

Nilikiona kwa jicho nililolifumbua nusu. Kilikuwa kimejitenga na wenzake, kinaelea hewani juu ya shati langu bila kazi maalumu, na kadiri kiganja kilivyozidi kukandamiza ndivyo nacho kilivyozidi kushuka, taratibu, kikitafuta pa kuegemea. Nilifikiri kusema kitu, nikakumbuka kwamba nimezimia. Nilifikiri kujisogeza, nikakumbuka kwamba sina mapigo ya moyo. Wakati huohuo mashine ilimaliza kujiandaa, na ile sauti tulivu ikatangaza ukumbini: "Usimguse mgonjwa."

Ndiye pekee aliyenitetea siku nzima, na alichelewa. Gumba lilitua katikati ya hatua ya 3, na mkufunzi, akiamini ameikuta kona ya pedi iliyokunjika, akalikandamiza kwa uzito wake wote.

Daktari wangu amenihakikishia kwamba estrojeni haimbadilishii sauti mtu ambaye sauti yake imeshavunjika, na kwamba anayetaka nyingine itambidi ajifunze kwa mazoezi. Sasa sijui niliyoitoa jana ilitoka wapi. Ilikuwa "yalaa" moja nyembamba, ndefu, safi kabisa, nikanyanyuka mzimamzima huku goti la mkufunzi likiwa bado juu ya waya, waya ukiwa umeshika pedi na pedi zikiwa zimeshika shati. Mimi nilikwenda juu. Shati lilikataa. Vifungo viliruka kimoja baada ya kingine, kimoja kikatua juu ya kile kifua bapa cha mdoli, nami nikajikuta nimeketi katikati ya ukumbi nikiwa na sidiria ya rangi ya waridi iliyokolea, kwa sababu ile ya kijivu ilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sina maradhi, na kifo chenyewe kilikuwa cha kuigiza, lakini kuumbuliwa niliumbuliwa vilevile.

Palikuwa kimya. Mkufunzi alitazama sidiria, akanitazama usoni, akatazama gumba lake, na hapo ndipo nilipomvulia kofia yule mama, maana hakutetereka hata kidogo. Alinifunika kwa mtandio wake, akaugeukia ukumbi na kuendelea kwa sauti ileile ya mwanzo: "Tuna bahati, kwa sababu mdoli wetu hawezi kutufundisha hili. Mgonjwa akiwa na matiti, pedi haikai juu ya titi bali pembeni yake, na sidiria isiwe kati ya pedi na ngozi. Wala msiogope kumgusa mwanamke kifuani ili kumwokoa, kwa sababu tafiti zimeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani husukumwa kifua mara chache kuliko wanaume." Wenzangu waliandika. Nawaapia waliandika kwenye madaftari, na mmoja aliomba sehemu ya pembeni ya titi irudiwe. Mzee wa stoo akanyoosha mkono na kuuliza kama mgonjwa akipiga kelele ni lazima kuendelea kumshtua, akajibiwa kwamba huyo ameshapona.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Rafiki yangu aliniletea skafu yake, ambayo nusu yake ilikuwa imelowa mate. Watu wawili walinikumbatia kabla sijawaonya, nikaona nyota. Mkuu wangu aliniita ofisini, nikamkabidhi barua, akaisoma aya ya kwanza na kusema za pili na tatu ameshaziona kwa macho, kisha akaniuliza jina jipya linavyoandikwa na kunipa simu nizungumze na wa rasilimali watu. Jioni mkufunzi aligawa vyeti. Aliniomba radhi kwa niaba ya gumba, akauliza kama ningekubali kuwa mgonjwa wake katika mafunzo mengine, kwa kuwa midoli yenye matiti imemtesa kuipata, nikamwambia nitakubali siku la kushoto litakapoacha kuuma. Akashika kalamu juu ya cheti changu na kuuliza aanze na Bw. au Bi. Nilimwambia Bi., ukumbi ukapiga makofi, wakataka niseme machache, nami nikawapita wote mbio, nimeshika mtandio kwa mkono mmoja na cheti kwa mwingine, kwa sababu tangu nilale pale chini nilikuwa sijakojoa.