Mvua Haisomi Bajeti

Greda liliingia mtaani kwetu siku ya Jumanne, katikati ya Novemba. Watoto wakalikimbilia, bodaboda wakazima pikipiki kulipisha, na mzee mmoja jirani yangu akatoa kiti nje akae alitazame likifanya kazi, kama mtu anayetazama mpira. Kufikia Alhamisi jioni barabara ilikuwa imechongwa, kifusi kimemwagwa na kusambazwa. Shindilia, lile gari zito la kukandamiza udongo, halikuja. Tuliambiwa linakuja Jumatatu.

Ijumaa usiku mvua ya kwanza ikanyesha. Jumamosi asubuhi kile kifusi kilikuwa kimehamia bondeni, kimejaa mbele ya mlango wa mama mmoja anayeuza ndizi na maparachichi. Akakitazama, akaingia ndani akatoka na jembe. "Basi," akasema, "angalau wameniletea udongo wa kukandika jiko."

Tulicheka. Mimi nilicheka pia, ila moyoni niliumia, maana nilikuwepo kwenye mkutano ulioomba ile barabara.

Nina duka dogo la vifaa vya ujenzi, upande huu wa Mbeya ulioegemea Mlima Loleza. Muuza saruji ana dirisha lake la kuiona serikali. Mimi najua mwaka wa fedha umeanza si kwa kusikiliza redio, ila kwa kuangalia nani anakuja kuulizia bei ya nondo. Julai wanakuja wenye nyumba zao, kwa sababu jua lipo. Agosti, hao hao. Septemba na Oktoba, hao hao, wengine wanakimbizana kupaua kabla ya mvua. Wenye kazi za umma huanza kuonekana mwishoni mwa Oktoba, wanakuja kwa wingi Novemba, na Desemba wanakuja wamelowa.

Ukiuliza kwa nini kazi inasubiri mvua, kijiweni jibu ni moja: hela zimeliwa. Sitasema haziliwi. Lakini hata tukimweka malaika kwenye kila kiti, kuanzia mtendaji wa mtaa mpaka waziri, kile kifusi bado kingeshuka bondeni. Kalenda ya bajeti na kalenda ya mawingu ya Mbeya hazijawahi kukaa meza moja.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mvua zetu huku Nyanda za Juu Kusini zinaanza Novemba, zinakwenda mpaka Aprili, wakati mwingine zinaingia Mei. Ukitoa hizo, kuanzia Julai unabaki na miezi minne ya ukavu ndani ya mwaka mpya. Miezi minne mizuri: asubuhi baridi ya kung'ata, mchana jua kali, ardhi ngumu kama sahani. Ndiyo miezi ya kuchimba mtaro, kulaza kalavati, kushindilia udongo ukakubali. Na ndiyo miezi tunayoimalizia kwenye makaratasi: fedha kusubiriwa ishuke, zabuni kutangazwa, kufunguliwa, kutathminiwa, mkataba kusainiwa, mkandarasi kukabidhiwa eneo. Siku hizi zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na kwa upande wa uwazi nausifu. Ila mfumo wa kompyuta hauna habari kama Loleza imevaa kofia ya mawingu au haijavaa.

Turudi nyuma kidogo, kwenye ule mkutano. Ulikuwa Januari. Tulikaa uwanja wa shule ya msingi, viti vya plastiki vya kuazima kwenye kamati ya msiba, wengine wamesimama na miamvuli. Viatu vyote vina tope. Mtendaji alikuwa na kaunta buku lililoviringika pembe, anaandika vipaumbele: barabara, tundu za vyoo vya shule, taa, kalavati la pale bondeni. Bibi mmoja akanyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mwanangu mtendaji, hilo kalavati tuliliandika na mwaka jana. Fungua kurasa za nyuma." Mtendaji akafungua. Lilikuwepo. Tena limepigiwa mstari chini.

Kinachoandikwa kwenye kaunta buku kinakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, pale diwani ndiye mwenyekiti. Huko mitaa inagongana, kila mmoja na kalavati lake. Kinachopona kinapanda kwa wataalamu wa halmashauri, kisha Baraza la Madiwani, mkoa, TAMISEMI, mpaka Bunge la bajeti Dodoma, ambalo hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kwa hiyo shida tunaiandika tope likiwa viatuni, inapitishwa vumbi likiwa limeanza, na inatekelezwa tope likiwa limerudi. Nani alipanga hivyo? Hakuna aliyepanga. Ndivyo ilivyojipanga.

Katikati ya safari hiyo kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, yaani kiasi ambacho halmashauri inaambiwa isivuke. Wananchi wengi hatukijui hiki kitu. Tunadhani tukiomba vitu kumi tumeomba vitu kumi. Kumbe mahitaji yanapandishwa kutoka chini, ukomo unateremshwa kutoka juu, na vinapokutana, kinachokatwa kwanza ni kile kisichokuwa na mtu wa kukitetea ndani ya chumba. Kalavati halina mtetezi. Jengo linaye, maana jengo litawekewa jiwe la msingi, litakatiwa utepe, na jina litachongwa kwenye marumaru. Sijawahi kuona marumaru kwenye mtaro.

Halafu kuna suala la barabara ni ya nani. Hapa mwenyekiti wetu wa mtaa anatukanwa bure kabisa. Barabara kuu inayopita mjini, hii ya Uyole, Mafiati, Iyunga kwenda Tunduma, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na huo upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ni kazi yao. Barabara za ndani tangu Julai 2017 zipo kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, sio halmashauri. Mtaro wa pembeni unafuata barabara. Takataka zilizoziba mtaro huo ni habari nyingine. Mwananchi anayetaka kujua mtaro wake umeziba kwa nani anaweza kuzunguka siku nzima na nauli za bajaji zikamwishia.

Na tunalipa, tusijidanganye kwamba ni hisani. Kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme; mwenye nyumba ya kawaida alianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye ikawa 1,500. Kwenye mafuta, mwaka huohuo wa 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mitaani. Sikulalamika, na hadi leo silalamiki. Mwenye bodaboda anayejaza lita mbili ameshachangia shilingi 200, kisha anapanda kwenye barabara inayomvunjia shokamzoba. Angependa tu kujua ile 200 yake imefika mwezi gani.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Mbeya ilikuwa kwenye ule mradi wa miji mkakati wa mkopo wa Benki ya Dunia, na barabara za lami zilizotokana nao bado unaziona: zina mitaro ya zege pande zote, zina taa. Tofauti ya barabara ile na yetu si lami. Ni kwamba pale mtaro ulichorwa kabla ya barabara, maji yakapewa njia yake kwanza. Sisi huku mitaani tunawapa magari njia, kisha maji yanakuja kuichukua.

Na maji ya huku si ya kuchezea. Mji umekaa kwenye miguu ya milima. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 385,279. Ile ya 2022 ikatukuta tumevuka laki tano, na hao walioongezeka hawakwenda kuishi hewani. Wamepanda milimani, kila bati jipya linamwaga maji yake kwa jirani wa chini. Aprili 2024 Mlima Kawetere ulimeguka kule Itezi, tope likafunika nyumba na kuingia mpaka shuleni. Sisemi kalavati lingezuia mlima. Ninachosema ni kwamba mji wa namna hii, mtu wa kwanza kuulizwa wakati wa kupanga bajeti angekuwa yule anayejua maji yanapita wapi, na mara nyingi ni bibi mwenye kitenge.

Hivi kweli haiwezekani vipimo na michoro vikamilike Mei na Juni, wakati Bunge likiwa linamalizia, ili Julai ikifika kinachobaki ni fedha na saini? Najua mhandisi atanijibu kwamba hawezi kumwaga jasho kwa fedha ambayo haijapitishwa. Sawa. Lakini kupima mtaro kunahitaji watu wawili na futi kamba, na hiyo mishahara inalipwa tayari. Tena kazi zote si sawa: darasa unaweza kuliezeka halafu ukapiga lipu ndani mvua ikinyesha nje, sakafu ukamwaga Januari bila shida. Kifusi huwezi. Basi fedha kidogo ikishuka Agosti, ianze na udongo na maji, majengo yasubiri. Leo ni kinyume, kwa sababu jengo ndilo linaloonekana kwenye picha ya ziara.

Vilevile Mei ikikaribia utaona kasi ya ajabu. Mafundi wanakesha, maana fedha isiyotumika mpaka 30 Juni ina hatari ya kurudi Hazina, na mradi ukivuka unaitwa kiporo. Kiporo cha wali na maharage, asubuhi ya baridi ya Mbeya, ni chakula cha kifalme. Kiporo cha mtaro ni shimo ambalo mtoto wa mtu ataliangukia akitoka shule.

Mwezi uliopita nilikwenda kumuona mtendaji wetu, kijana mstaarabu, amechoka kuliko umri wake. Nikamwomba kitu kimoja tu: lile kalavati aliandike na vipimo, si jina peke yake. Upana wa korongo, kina, umbali kutoka nyumba ya kwanza, idadi ya mabomba ya zege. Akasema, "Kaka, hatuna mtu wa kupima." Nikamwambia futi kamba ninazo dukani, za mita 50, na yule mzee anayependa kutazama greda alikuwa fundi wa barabara enzi zake. Tumekubaliana Jumamosi hii, saa mbili asubuhi. Bibi amesema atakuja kutuonyesha maji yalipofika mwaka ule yaliposomba banda lake la kuku. Ameweka alama kwenye mti wa mparachichi, kwa panga.