Mwaka Mzima Kazini, Si Miezi Mitatu ya Kusi

Kila ifikapo Mei, ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa hujaa vijana wa atachimenti, yaani wanafunzi wa vyuo waliotumwa kujifunza kazi. Huja na barua ya chuo, karatasi ya bima ya ajali na lile daftari la kujaza kila siku. Kwetu, kazi ya kuwapokea imeniangukia mimi. Zamani walikuwa wa biashara, uhasibu na uchukuzi. Siku hizi hakukosi mmoja au wawili wanaosoma mambo ya kompyuta, na ukiwauliza wanalenga nini, jibu ni lile lile: akili unde, ile AI.

Niseme mapema ninakosimama. Shahada ya akili unde isiyo na mwaka mzima wa kazi ndani yake haijakamilika. Sizungumzii wiki 8 wala 12. Nazungumzia mwaka, kuanzia msimu hadi msimu. Na nasema haya nikiwa mtu wa makaratasi ya kontena, si mhandisi.

Chukua jambo tunalolifanya kutwa. Mzigo ukishuka Kilindini, kila bidhaa iliyomo sharti ipewe namba ya HS, ule mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Tarakimu 6 za kwanza ni zile zile karibu dunia nzima, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza zake. Kwa mwanafunzi wa akili unde hili ni zoezi tamu: ipe mashine maelezo ya bidhaa, ikurudishie namba. Halafu inafika ankara imeandikwa "vipuri", basi, hakuna zaidi. Vipuri gani? Beringi ni 8482. Taa ya gari ni 8512. Kipande cha injini ni 8409. Breki zinaingia 8708. Karani wetu mzee anajua kwa kutazama jina la muuzaji na uzito wa katoni, na akikwama anampigia mwenye mzigo: "Shekhe, safari hii umetuletea nini?" Maarifa hayo hayamo katika faili lolote. Kijana anayetaka kuifunza mashine lazima akae na mzee yule, wazoeane, aonekane si mtu wa kupita, ndipo aanze kuambiwa. Wiki za mwanzo haambiwi kitu, anatumwa fotokopi na chai.

Sidharau darasa. Matrisi, kalkulasi na hesabu za uwezekano hakuna ofisi Mombasa itakayomfundisha mtu. Na vijana hawa wanajua mengi. Watakusimulia mkutano wa Dartmouth wa 1956 ulioizindua taaluma hii, watakueleza kwa nini mwaka 2012 mitandao ya neva ilishinda lile shindano la kutambua picha la ImageNet na mambo yakageuka, na watakuchorea transfoma ya 2017, ule muundo ulio nyuma ya roboti za mazungumzo, kwenye kitambaa cha mkahawani. Wanachokosa ni kukutana na data chafu. Chuoni data huja imeshaoshwa na mtu mwingine. Mwanafunzi anaigawa mafungu mawili, la kufunzia na la kupimia, anapata alama yake, anakwenda zake.

Kazini alama hiyo humlaghai. Tuseme katika mizigo 100, mizigo 95 haina tatizo. Programu inayojibu "sawa" kwa kila mzigo itajipatia 95 kwa 100 bila kujua chochote, na ile 5 iliyoiruhusu ndiyo itakayotuletea faini na gharama za kontena kulala bandarini. Mwalimu anaweza kulieleza hili kwa dakika 10, na kila mwanafunzi atatikisa kichwa. Kulielewa ni kuwa karibu na mteja anayefoka kwa sababu kontena lake limezuiwa, nawe ndiye uliyesema liko sawa.

Kisha kuna Julai. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki nayo huanza siku hiyo. Kijana aliyekuja Mei, akafunza modeli yake, yaani ile programu, kwa ankara za Mei na Juni, anaanza kuandika ripoti yake ya kufunga wakati ule ule modeli inapoanza kusema uongo. Hayupo kuirekebisha. Hayupo kuona kama marekebisho yameshika hadi Desemba. Anaondoka Agosti akiamini alitengeneza kitu kinachofanya kazi, na sisi tunabaki na programu ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Kitabu chenyewe cha HS hupitiwa kila baada ya miaka michache. Kulikuwa na toleo la 2017, likaja la 2022, na linalofuata ni la 2028. Anayeifunza mashine kuyasoma mambo haya lazima aione dunia ikimbadilikia walau mara moja akiwa bado kwenye kiti.

Kama forodha inakuchosha, nenda kwa wavuvi. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina makao yake makuu hapa hapa Mkomani. Hebu fikiria mwanafunzi anayetaka kutabiri samaki watakaofika madikoni, kule wavuvi wanakoshusha samaki. Atachimenti yake ni Mei hadi Agosti, yaani kusi tupu: bahari imechafuka, ngalawa na mitumbwi midogo haithubutu kutoka nje ya mwamba, wavuvi wanalalamika. Modeli yake itajifunza kwamba pwani ya Kenya haina samaki. Kaskazi ikiingia, bahari ikatulia na nguru wakaanza kushushwa, yeye yuko darasani anasoma nadharia. Na hapo sijataja kwamba samaki mmoja huyo huyo karani wa diko hili amemwandika tafi, na wa diko lile amemwandika tasi, na mashine inahesabu aina mbili.

Wenzetu walilijua hili kitambo. Chuo cha ufundi cha Sunderland, Uingereza, kilianza mwaka 1903 kuwapeleka wanafunzi wa uhandisi viwandani katikati ya masomo. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kilizaliwa 1957 na mpango wa kupokezana, muhula darasani, muhula kazini. Leo vyuo vingi vya Uingereza vinatoa shahada ya akili unde ya miaka 4 badala ya 3, na mwaka wa tatu mwanafunzi anautumia kwenye kampuni, analipwa mshahara, na mwenyeji wa England karo yake ya mwaka huo haizidi asilimia 20 ya kiwango cha juu cha kawaida.

Jirani yangu wa Kisauni, ambaye bintiye amepata nafasi huko, alinijia na karatasi mkononi. "Ndugu yangu, huu mwaka wa nne ni wa nini? Mtoto asome, amalize, arudi." Nilimwambia mwaka huo ndio wa thamani kuliko yote minne, ila asome maandishi madogo. Jina la kozi likisema mwaka wa kazini umo, haimaanishi chuo kitamtafutia kazi hiyo. Kwa kawaida binti ndiye atakayeandika maombi, afanyiwe usaili, akataliwe, aombe tena, na akikosa anarudishwa kwenye kozi ya miaka 3 kimyakimya. Aulize chuo ni wangapi waliopata nafasi mwaka jana, na wapi. Chuo kinachojibu kwa maneno mengi bila namba kimeshajibu. Jirani yangu hakuridhika. Kwake mwaka ni mwaka, na kodi ya nyumba ya huko anailipa yeye.

Hapo ana haki, na ndipo hoja yangu inapokuwa ngumu. Pesa. Miezi mitatu ya atachimenti bila malipo mzazi anaivumilia. Miezi 12 bila malipo ni dhuluma. Feri ya Likoni mtu wa miguu havuki kwa pesa, lakini matatu ya kutoka Mtwapa haijui mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ni kitu gani, na mvua ikinyesha nauli inapanda hapo hapo. Mtoto wa Ujamaa au Bombolulu ataacha mwaka huo na kuwaachia wenye baba mwenye duka. Tena sisi waajiri tunajijua. Tukipewa kijana wa bure kwa mwaka, wengi wetu tutamgeuza karani wa kuingiza data. Katika akili unde hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu kazi yenyewe ina upande wake wa kuchosha, ule wa kukaa kutwa ukibandika vitambulisho kwenye picha na maandishi ili mashine ijifunze. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba Wakenya waliokuwa wakichambua maandishi machafu kwa ajili ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Hao walikuwa na mkataba. Mwanafunzi asiye na mkataba atalipwa barua ya shukrani.

Lakini pesa zipo mahali. Kila mwajiri Kenya anatakiwa kulipa ada ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mamlaka ya NITA ndiyo inayosimamia mafunzo hayo. Ada hiyo ilitungwa kwa sababu kama hii. Ichangie posho ya mwanafunzi wa mwaka mzima, mwajiri aongeze nusu, na kuwe na karatasi inayosema waziwazi kazi gani atafanya na kazi gani hatafanya. Mwajiri asiyeweza kutoa nusu hiyo hana shida ya akili unde, ana shida ya mtumishi.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, zote zilitua hapa Mombasa. Intaneti inatoka majini kwetu, inapanda treni, kwa namna ya kusema, na kazi zote zinazohusu intaneti zinashuka Nairobi. Vijana nao wameshaamini hivyo. Mwanafunzi wa hapa akisikia nafasi ya akili unde anafikiria ghorofa ya Westlands na kahawa ya bei. Hafikirii mnada wa chai, ambao umekuwa Mombasa tangu 1969, na sasa unaendeshwa kwa kompyuta huku waonjaji wakiendelea kuonja kikombe kwa kikombe na kuandika wanachokiona kwa maneno yao. Kumbukumbu za namna hiyo, maneno ya mwonjaji upande mmoja na bei ya mnada upande wa pili, ni data ambayo mtu wa San Francisco angeililia. Hafikirii hospitali, wala chuo cha mabaharia, wala kiwanda cha saruji Bamburi.

Pale Tudor panaweza kumkumbusha mtu. Chuo kikuu cha ufundi kilichopata hati yake 2013 kilizaliwa enzi za ukoloni kama MIOME, taasisi ya kuwafundisha vijana Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Hapo palikuwa pa mikono kabla ya kuwa pa majoho.

Watu huniambia miaka 4 ya chuo inatosha, ukiongeza mmoja inakuwa 5 na mtoto anaota mvi shuleni. Sawa. Lakini kundi la kwanza la mtaala mpya, ule wa 2-6-3-3-3, linatarajiwa kubisha hodi vyuoni 2029, na ile 3 ya mwisho ndiyo elimu ya juu, angalau miaka 3. Shahada ikishuka kutoka 4 hadi 3, mwaka mmoja unabaki mezani. Naomba usijazwe kozi za lazima za mawasiliano na maadili ambazo kila mtu anazisoma usiku wa mtihani. Uwekwe kazini, katikati, ili mwanafunzi arudi darasani na maswali. Hata maadili atayasoma vizuri zaidi huko: siku atakayokaribia kubandika ankara ya mteja, yenye jina, namba ya simu na PIN ya kodi, ndani ya roboti ya mazungumzo ya kigeni, na mtu akamshika mkono na kumwonyesha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hatausahau mwaka wa sheria hiyo.

Na kama mwaka huo wa kazini utapangwa, uanze Septemba, uishie Agosti inayofuata: kaskazi yote, masika, kusi, na Julai ndani yake. Kijana apangiwe msimamizi wa chuo anayekuja zaidi ya mara moja. Hawa wa sasa hufika saa tano, hutia sahihi kwenye daftari, hunywa soda, na huondoka kabla foleni ya Changamwe haijafunga.