Kuna Mtu Anatetemeka Kwenye Rekodi Yangu

Anayetaka kurekodi piano nyumbani ajue mapema kwamba nyumba nzima itataka kuimba naye. Friji itashika besi, feni itaitikia, vioo vya dirisha vitapiga makofi, na mlango ambao miaka yote umefungwa kimya utachagua siku hiyo kulia. Hao wote nilikuwa nimewapangia dawa. Nisiyempangia ni yule aliyejitokeza kwenye noti moja tu, A ya hezi 110 (yaani mitetemo 110 kwa sekunde), na kwenye noti hiyo akawa anatetemeka kuliko mgonjwa wa homa.

Nieleze kwanza mitambo ilivyokaa, maana kesi yenyewe inategemea hapo.

Piano ni ya kusimama, zile za kuegemezwa ukutani. Ina vibonye 88. Noti ya chini kabisa ni hezi 27.5, ya juu kabisa karibu hezi 4186. Kurekodi kwa simu tulikufuta mapema. Simu imeundwa kusikiliza mtu anayezungumza. Panaponyamaza inajiongezea sauti, panapochangamka inajipunguzia. Ukishikilia noti ndefu ikawa inafifia, simu inadhani msemaji amesogea mbali, inampandishia. Ukija kusikiliza, piano inahema. Tena kile kichujio chake cha kelele kikikuta noti ndefu isiyobadilika kinaihesabu kuwa feni, kinaikata.

Kwa hiyo vilitumika vifaa vya kazi: maikrofoni mbili za kondensa zinazosikia pande zote, saundi kadi (kiunganishi cha maikrofoni na kompyuta) yenye uwezo wa kuzipa volti 48 (bila umeme huo kondensa ni pambo la mezani), stendi mbili, na hedifoni za kufunika masikio yote. Piano ya kusimama sauti yake nono iko mgongoni, kwenye ubao wa sauti, yaani upande ule ambao watu huubana ukutani. Basi ivutwe. Wawe watu wawili, na mikono iwe chini, si juu: mzigo unapita kilo 200, na fremu ya chuma inayobeba nyuzi iko upande wa nyuma, kwa hiyo ikianza kulala chali hakuna wa kuizuia. Mimi na mdogo wangu tuliiacha sentimita 80 kutoka ukutani. Kila maikrofoni ikakaa sentimita 30 kutoka ubao wa sauti, na baina yao sentimita 90. Kanuni ni hiyo, umbali wa maikrofoni na maikrofoni uwe mara tatu ya umbali wa maikrofoni na chombo. Zikisogeleana sana, sauti ileile inazifikia kwa kupishana kidogo, na ukizichanganya baadhi ya noti zinakulana. Kipimo chake ni rahisi: unganisha kushoto na kulia ziwe mono, yaani mkondo mmoja, besi ikitoweka, sogeza stendi.

Sauti iliwekwa hivi: unapiga ile sehemu yenye fujo kuliko zote, unahakikisha mshale haupiti desibeli 12 chini ya sifuri, na sifuri ndiyo dari ya kifaa. Wapo wanaosukuma hadi mpakani eti rekodi iwe na nguvu. Ukirekodi kwa biti 24 nguvu utaiongeza baadaye upendavyo, lakini sauti iliyogonga sifuri imekatwa kichwa, na hakuna programu ya kuirudishia kwa uhakika. Faili la biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, stereo, linakula megabaiti 17 hivi kwa dakika. Nafasi iandaliwe.

Friji tuliichomoa. Hapo kuna siri ya mafundi sauti wa filamu: ukizima friji, weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka nyumbani bila kuikumbuka. (Siri hiyo Mama hakuambiwa. Alikuta funguo za mlango mkubwa kando ya jagi la maji, akaniangalia kwa muda mrefu bila kusema kitu.)

Usiku ukatulia, watu wakalala, nikapiga. Kwa masikio yangu pale kwenye kiti, piano ilikuwa safi. Nikavaa hedifoni kusikiliza, na kwenye mstari wa pili, mkono wa kushoto uliposhuka kwenye A: zzzrrrrr.

Nikarudia. Zzzrrrrr.

Huyu mtetemekaji alikuwa na adabu zake. Hakuanza kabla ya noti. Alisubiri ipigwe, akaingia nyuma yake kidogo, na noti ilipopungua nguvu akaondoka bila kuaga. Ukipiga kwa upole haji. Ukipiga kwa nguvu anakuja na nduguze. Kwenye picha ya masafa ya programu ya kurekodi, noti ilikuwa mistari iliyolala, 110, 220, 330 na kuendelea, ila juu yake, baina ya hezi 2000 na 5000, palikuwa na vumbi la vistari vya kusimama. Ndiyo maana hakukatika kwa ikwalaiza, kile chombo cha kupunguza au kuongeza masafa fulani. Ukifyeka eneo hilo unamkosa yeye na unaondoa mng'ao wa piano; ukifyeka 110 unaondoa noti yenyewe, na yeye anabaki peke yake anatetemeka.

Mjomba alisikiliza, akavua hedifoni taratibu. "Huyo ana baridi," akasema, akaenda kulala.

Kutafuta mlio wa namna hiyo kuna utaratibu. Mmoja anapiga vibonye vyote kimojakimoja kutoka chini, pedali ya kulia ikiwa imekanyagwa, mpaka noti yenye mgonjwa ipatikane. Kisha anabaki anaipiga hiyohiyo, na mwingine anazunguka chumbani akigusa kitu kimoja baada ya kingine kwa kiganja: fremu za picha, vioo, pete za pazia, kivuli cha taa. Kikinyamaza ulipogusa, umemkamata. Kila kitu kina kasi yake ya kutetemeka. Noti ikiilenga kasi hiyo, kitu kinaamka hata kama hakuna aliyekigusa. Tukagundua anaitikia pia A ya chini zaidi, hezi 55, ambayo ndani yake mna 110 kama mtoto wa pili (55 mara mbili), na ile D ya karibu na mwisho wa kinanda, hezi 36.7, ambayo mtoto wake wa tatu ni 110 vilevile. Hesabu ilikuwa inakubali. Mtu ndiye haonekani. Tuligusa chumba kizima, hata mdogo wangu akaanza kunigusa mimi.

Basi aitwe fundi.

Fundi alikuja asubuhi. Akafungua ubao wa chini, akachomoa vibarua wote walioingia humo bila mkataba: penseli, sarafu, pini za nywele, na rimoti ya televisheni ambayo familia ilikuwa imekwisha kuizika kwa heshima. Akakaza skurubu za bawaba, akatia tone la mafuta kwenye ekseli ya pedali, akagonga ubao wa sauti kwa ngumi akitafuta ufa. Kisha akaipiga A ya 110 kwa kidole kimoja, kwa nguvu za mtu anayebisha hodi polisi. Safi. Tena. Safi. Nikawasha maikrofoni, nikarekodi. Safi kabisa.

"Piano haina ugonjwa," akasema, akifunga mkoba. Akanitazama mimi mikono. Hakusema zaidi, lakini malipo alichukua.

Usiku nikakaa tena. Zzzrrrrr.

Sasa kwa nini usiku tu? Mdogo wangu alikuwa na jibu lake, na kuanzia saa hiyo akakataa kubaki peke yake chumbani. Mimi nilishika unyevu. Mbao hunywa unyevu wa hewa zikavimba, zikikauka zinasinyaa, na kiungo kilichokaza asubuhi kinaweza kulegea usiku. Piano inapenda unyevu usioyumba, asilimia 40 hadi 60. Nikaweka kipimo juu ya kifuniko. Usiku na mchana kilisoma karibu sawa, yaani kilinikana hadharani.

Kilichotuokoa ni kubadilisha aina ya maikrofoni. Zile za pande zote husikia mbele na nyuma bila upendeleo. Zipo za upande mmoja, ambazo mgongoni karibu ni kiziwi. Nikafunga moja hiyo. Ikitazama piano na kuupa ukuta mgongo, mtetemekaji akafifia. Nikaigeuza iutazame ukuta: piano ikarudi nyuma, yeye akasogea mbele kama mtu aliyeitwa kwenye kipaza sauti. Hakuwa kwenye piano. Hakuwa hata chumbani.

Ukuta wenyewe ni plaiwudi, na tulipoivuta piano tulikuwa tumeuelekezea ubao wa sauti moja kwa moja. Nikaweka kiganja. A ikipigwa, plaiwudi inasisimka. Ndiyo sababu pia sikumsikia nikiwa kwenye kiti: piano ilikuwa kati yetu na ilikuwa inanipigia usoni, ilhali maikrofoni zilikuwa nyuma, zimekaa katikati yake na ukuta.

Upande wa pili wa plaiwudi ni chumba cha Babu.

Nilimwambia mdogo wangu aendelee kuipiga A, kila baada ya sekunde tano, kwa nguvu ileile, asisimame hata akisikia nini. Nikavaa hedifoni, nikabeba stendi yenye maikrofoni kwa mikono miwili, kebo ya mita kumi ikinifuata, nikasukuma mlango kwa kiwiko. Giza. Kitandani Babu amelala chali. A ikalia. Nikageuza maikrofoni kushoto: kidogo. Kulia: zaidi. Nikainua juu ya kichwa cha kitanda: ZZZRRRRR, mpaka nikabana jicho moja.

Babu akafungua yake yote mawili. Alichokiona ni mtu amevaa vikombe masikioni, amemsimamia na fimbo yenye taa nyekundu, na ukutani kitu kinapiga dong, dong, dong.

"Shikamoo, Babu," nikasema. Sikuwa na jingine.

Babu akajibu kwa kirefu. Sikuelewa chochote, maana zilitoka irabu tupu. Konsonanti zilikuwa juu ya rafu, ndani ya kikombe cha bati.

A ikalia tena, na safari hii nikaona kwa tochi ya simu. Rafu imepigwa skurubu kwenye plaiwudi ileile. Juu yake kikombe. Ndani ya kikombe, makavu, meno ya Babu ya juu na ya chini, yamekaliana, yanatafuna hewa kwa kasi ya ajabu. Noti ikafifia, yakapumzika. Ikapigwa, yakaanza tena.

Kila kitu kikaingia mahali pake. Mchana meno yako kinywani mwa Babu, kwa hiyo fundi hakuwa na wa kumsikia. Usiku yanaingia kikombeni saa ileile nyumba inaponyamaza na mimi nawasha maikrofoni. Noti hafifu haikuyaamsha kwa kuwa kitu kilichokaa juu ya kingine hakirukiruki mpaka mtikisiko wa chini yake ukishinda uzito wake. Ukishinda tu, kinagonga, na ule mgongano ndio unaotoa vumbi la masafa ya juu. Rafu na plaiwudi zikalikuza kama spika.

Dawa ilikuwa maji. Kwanza, maji yanazuia mtikisiko. Pili, meno ya bandia ya plastiki yanatakiwa kulazwa majini, baridi au vuguvugu, si ya moto, maana yakikauka yanaweza kujipinda. Babu aliambiwa hivyo na daktari wa meno siku aliyoyachukua, akaamua kwamba kitu alichokilipia hakiogeshwi kila usiku. Tukajaza kikombe, chini yake tukakunja kitambaa mara nne. Piano nayo tukaigeuza, mgongo ukaelekea ukuta wa matofali, na kwenye plaiwudi likaning'inizwa blanketi zito. Blanketi halizuii besi, lakini linapunguza mng'ao unaorudi. Rekodi ikatoka safi kutoka A hadi A.

Asubuhi Babu, akiwa na konsonanti zake zote, akataka asikilizishwe. Nikamvalisha hedifoni, nikampigia ya zamani na mpya. Ya zamani aliirudisha mwenyewe kwa kidole.

"Hii ina uhai," akasema. "Hiyo nyingine mmenitoa."

"Babu, ile ni kelele."

"Kelele ya nani?"

Sikujibu. Akaagiza faili lisifutwe, na liandikwe vizuri: piano, mjukuu, meno, Babu. Hilo ndilo linalozunguka kwenye simu za ukoo mzima. Lile safi, la sentimita 30 na 90, hakuna aliyeliomba hadi leo. Na jioni, akishakwenda na kikombe chake, Babu hupita kwanza mlangoni pangu.

"Leo natia maji," huuliza, "au naimba?"